Walioifanya Maktaba Kuwa Darasa

Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu, na sehemu ya kazi yangu ninayoipenda kuliko zote ni kufundisha: kukaa na mwanafunzi, kulisikiliza swali lake, kisha kumwonyesha njia ya kulifikia jibu mwenyewe. Wengi hutuona kama walinzi wa vitabu. Lakini imani kwamba mkutubi ni mwalimu ina historia ndefu yenye majina na miaka. Naisimulia kwa sababu makosa ambayo wenzetu waliyatambua zamani bado tunayarudia.

Nianzie Marekani, ambako mafundisho haya yalipata sura tunayoijua leo. Kwa muda mrefu vyuo vya huko havikuihitaji sana maktaba. Mwanafunzi alikariri kitabu kimoja cha somo, akasimama mbele ya mwalimu kuyatamka aliyokariri. Katika Chuo cha Harvard, kanuni za mwaka 1667 ziliwanyima wanafunzi wa madarasa ya chini ruhusa ya kuazima vitabu. Ufundishaji ukiwa wa namna hiyo, mkutubi bora alikuwa yule ambaye vitabu vyake havipotei.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ufundishaji wenyewe ukabadilika. Wasomi waliokwenda Ujerumani walirudi na semina: wanafunzi wachache wanazunguka meza yenye nyaraka, kila mmoja ana swali lake la kuchunguza. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilifunguliwa Baltimore mwaka 1876 kikiwa kimeupokea mtindo huo. Mwaka huohuo wakutubi wa Marekani walikutana Philadelphia wakaunda chama chao, na Melvil Dewey akachapisha mpango wake wa kupanga vitabu kwa namba. Mwaka 1877 Justin Winsor alitoka Maktaba ya Umma ya Boston kwenda kuiongoza maktaba ya Harvard, akaanza kuwasogeza wanafunzi karibu na vitabu.

Katika kizazi hicho ninayemheshimu zaidi ni Otis Hall Robinson wa Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York. Alikuwa profesa wa hisabati na papo hapo mkutubi wa chuo. Siku za Jumamosi alikuwapo maktabani kuwapokea wanafunzi waliokuja na mada za insha zao, akawasaidia kutafuta hukohuko penye vitabu. Robinson ndiye anayetajwa pia kuwa alileta wazo la kutoboa tundu chini ya kadi za katalogi na kupitisha ufito wa chuma kwenye droo. Ufito huo ulikuwa na maana kubwa: kadi zisipoweza kuchomoka wala kuchanganyika, droo inaweza kuachwa wazi mbele ya mwanafunzi atafute peke yake. Kifaa kidogo kama hicho kilimpa msomaji mamlaka yaliyokuwa ya mkutubi peke yake.

Chuo cha Oberlin, Ohio, kilikuwa na Azariah Smith Root, mkutubi wake tangu 1887. Mwaka 1899 alianza kufundisha bibliografia, na aliendelea mpaka alipofariki mwaka 1927. Wanafunzi wake walijifunza kutumia maktaba, historia ya uchapaji na namna ya kuzifuatilia kazi zilizoandikwa juu ya jambo fulani. Kwa miaka hiyo yote Root alisimama mbele ya darasa kama mwalimu mwingine yeyote wa chuo.

Baada ya hapo moto ukapungua. Maktaba zilikua, vitabu vikafurika, na wakutubi wakazidiwa na kazi ya kununua, kuorodhesha na kupanga. Kufundisha kukabaki ziara ya wiki ya kwanza: hapa ni kaunta, pale ni magazeti, usipige kelele, kwaheri. Mwaka 1940 Harvie Branscomb alitoa kitabu kilichotokana na kuvitembelea vyuo vingi. Alionyesha kwamba wanafunzi wengi walitumia vitabu vichache mno nje ya vile walivyolazimishwa, na kwamba chanzo kilikuwa ufundishaji usiowapa sababu ya kwenda maktabani. Ugonjwa ulikuwa darasani, ingawa dalili zake zilionekana maktabani.

Patricia Knapp aliushika ukweli huo akaujaribu. Kati ya 1960 na 1962, katika Chuo cha Monteith kilichokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, alibuni mazoezi ya maktaba yaliyofungamana na masomo yenyewe. Alishikilia kwamba ujuzi wa kutafuta maarifa haumalizwi na hotuba moja wala kozi moja. Unajengwa polepole, zoezi baada ya zoezi, mpaka mwanafunzi aelewe jinsi wasomi wanavyopokezana maarifa. Alikutana na kizuizi ambacho kila mkutubi anakijua: baadhi ya wahadhiri hawakuwa tayari kumgawia mkutubi nafasi katika somo lao. Ripoti yake ilitoka mwaka 1966.

Kilichomshinda Knapp kilifanikiwa Earlham, chuo kidogo cha Waquaker katika mji wa Richmond, Indiana. Evan Farber aliiongoza maktaba ya hapo kuanzia 1962 hadi 1994. Yeye na wenzake waliona kwamba maelezo ya jumla yanayotolewa wanafunzi wakifika tu hayadumu, wakaachana nayo. Wakawaendea wahadhiri, wa biolojia wakiwa miongoni mwa wa mwanzo, wakakubaliana nao: mkutubi aingie darasani siku mwanafunzi anapokabidhiwa kazi, akiwa na orodha ya vitabu na faharisi za kazi hiyohiyo, na aonyeshe hatua za kuifanya. Miaka ya 1970 wakutubi na wahadhiri wa vyuo vingine walikuwa wakienda Earlham kujifunza.

Mimi namwamini Farber kwa sababu nimeuona mtindo wake ukifaulu kwa macho yangu. Mhadhiri mmoja wa historia alinipa vipindi viwili kwa wanafunzi waliokuwa wakiandika juu ya mashamba ya mkonge Tanga. Wengi walikuwa wameandika "Tanzania" na "mkonge" kwenye kompyuta, wakaambulia makala chache za juzijuzi. Tulianza na ramani ya tawala: Wajerumani, kisha Waingereza, kisha uhuru. Nikawaambia watafute "Tanganyika", kwa kuwa kabla ya 1964 hakukuwa na nchi iitwayo Tanzania, na wasizisahau ripoti za mwaka za serikali ya kikoloni. Nikawapeleka kwenye tanbihi za kitabu kimoja, tukazifuata moja moja mpaka kwenye chanzo. Wanafunzi walewale waliosinzia katika ziara ya wiki ya kwanza sasa walikuwa wakigombea kiti. Walikuwa na swali, na swali lilikuwa na alama.

Huku kwetu nako hatua zimepigwa. Mwaka 1963, kwa msaada wa UNESCO, Chuo cha Makerere, Uganda, kilianzisha Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki, ili wakutubi wetu wasomee kazi yao karibu na nyumbani. Baada ya hapo vyuo vyetu vimeongezeka sana, majengo na kompyuta vilevile. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua maktaba mpya kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China. Nafurahia kila kiti na kila waya wa intaneti. Lakini historia niliyoisimulia inadai kitu ambacho hakinunuliwi kwa zabuni: mhadhiri na mkutubi kuketi pamoja kabla muhula haujaanza, wakiwa na mpango wa somo mezani, na kuamua ni wiki gani wanafunzi watakabidhiwa swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa maelezo ya darasani pekee.

Robinson aliweza kuliunganisha darasa na maktaba kwa sababu alikuwa mhadhiri na mkutubi kwa pamoja. Sisi tulio wawili tunalazimika kukubaliana. Wahadhiri wenzangu, msituite wiki ya kwanza. Tuiteni siku mnayotoa kazi, na mtupe saa mbili.