Maji ndani ya pikapu: Yanakoingilia na kasoro za bodi zinazoyakaribisha

MVUA za masika zinapoanza, wenye pikapu wengi hukumbana na tatizo lile lile: zulia limelowa, vioo vina umande kila asubuhi na kebini inanuka uvundo. Wengi hununua silikoni na kuipaka palipo na unyevu. Hapo ndipo hasara huanza, kwa sababu ni nadra maji kuonekana mahali yanapoingilia. Huteremka ndani ya nguzo za paa, yakafuata nyaya na mikunjo ya mabati, kisha yakatokea sakafuni mbali kabisa na tundu lenyewe.

Pikapu ina udhaifu wake wa kimaumbile. Katika magari kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Nissan Navara, kebini na bodi ya mizigo ni vitu viwili mbalimbali vilivyofungwa juu ya chasisi, yaani kiunzi cha chuma kinachobeba gari zima. Gari likipita kwenye barabara ya mashimo likiwa na shehena, chasisi hujipinda na sehemu hizo mbili hucheza kila moja kivyake. Baada ya miaka kadhaa, gundi iliyoziba maungio ya mabati hupasuka, raba hulegea na rangi huchubuka.

Njia kuu za maji

Mahali pa kwanza pa kukagua ni nyuma ya kebini. Pikapu nyingi zina taa ya breki iliyowekwa juu ya kioo cha nyuma. Raba yake ikikauka kwa jua, maji hupenya na kuteremka nyuma ya kiti, ambako huweza kukaa majuma bila kuonekana. Kioo cha nyuma chenyewe, hasa kile cha kusukuma kando, huvuja kupitia pembe za fremu yake au mifereji iliyojaa vumbi.

Pili ni paa. Chini ya vipande vya raba vilivyolala kando ya paa kuna maungio ya mabati, na gundi yake ikifanya ufa, maji hushuka ndani ya nguzo hadi miguuni pa dereva. Keria iliyofungwa kwa kutoboa paa bila kuziba matundu ipasavyo huleta taabu iyo hiyo.

Tatu ni kioo cha mbele, hususan kilichowahi kubadilishwa. Kutu iliyoachwa kwenye fremu huizuia gundi kushika. Kioo hicho huchangia uimara wa kebini gari linapopinduka, kwa hivyo kuvuja kwake si suala la unyevu tu.

Nne ni mfereji ulio chini ya waipa. Majani na matope yakiuziba, maji hufurika na kuingia kupitia njia ya hewa.

Mlango nao hueleweka vibaya. Maji huruhusiwa kuingia ndani yake kupitia kando ya kioo, kisha hutoka kwa matundu yaliyo chini. Karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya pambo la mlango huyazuia yasifike ndani. Fundi akiichana anapotengeneza spika au mashine ya kioo, sakafu italowa. Naye anayeziba matundu ya chini akidhani ndiyo yanayovuja huugeuza mlango kuwa mtungi, ukaoza kutoka ndani.

Si kila maji ni ya mvua

Kabla ya kufungua chochote, tambua ni maji gani. Yakitokea kiyoyozi kinapotumika hata wakati wa kiangazi, huenda mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi umeziba. Yakiwa na rangi, yananata na kunukia utamutamu, hayo ni ya rejeta ndogo ya kupasha kebini joto. Hilo lishughulikiwe upesi, kwani injini inapoteza maji yake ya kupoza.

Iwapo ni ya mvua, toa mazulia na ukaushe sakafu. Mtu mmoja aketi ndani na tochi, mwingine amwagie gari maji kwa mpira bila nguvu nyingi. Aanzie chini na kupanda polepole, akikaa dakika kadhaa kila mahali. Akianzia juu, maji yatateremka kila upande na hutajua yameingilia wapi. Mashine za kuoshea gari zenye shinikizo hazifai, kwa kuwa husukuma maji hata kwenye raba nzima. Poda iliyonyunyizwa ndani husaidia, kwani maji huacha mchirizi unaoonyesha yalikotoka. Kwa milango, funga kipande cha karatasi kati ya raba na fremu, kisha ukivute. Kikichomoka bila kushikiliwa, ama raba imechoka au bawaba zimelegea na mlango umeinama.

Kutu katika bodi na chasisi

Kwenye bodi ya mizigo, kutu hupenda matao ya magurudumu yanayopigwa mawe, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na pembe zinazofungwa kwa bolti, ambazo hupasuka gari likizoea kubebeshwa kupita kiasi. Mbolea, samadi na samaki wa chumvi huharakisha uharibifu, sawa na hewa ya bahari kuanzia Lamu hadi Kwale. Bodi ya namna hii ioshwe baada ya kila shehena, na maji yasiachwe yakituama chini ya mkeka wa raba.

Hatari kubwa zaidi imo katika chasisi. Vyuma vyake vina uwazi ndani, na matope yakijaa humo hushika unyevu na kukila chuma bila dalili kwa nje. Hata watengenezaji wakubwa wameonja adha hii. Mnamo 2008, Toyota iliongeza dhamana ya kutu hadi miaka 15 kwa pikapu za Tacoma za 1995 hadi 2000 zilizouzwa Marekani. Mwaka wa 2016, ilikubali suluhu ya kesi nyingine ya chasisi iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Huko, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ndiyo huzidisha kutu.

Kwa anayenunua pikapu iliyotumika, ukaguzi wa nusu saa waweza kumwokolea akiba ya miaka. Inua mazulia na unuse. Vuta mikanda ya usalama hadi mwisho uone kama ina alama za matope, ishara ya gari lililozama kwenye mafuriko kama yale ya 2024. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya bodi. Isiposhika penye bati la chuma, pamejazwa fila. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo karibu na vishikio vya springi za nyuma. Sauti iliyofifia au magamba yanayoanguka ni onyo, na rangi nyeusi mpya isikutulize.

Matengenezo yafanywe baada ya chanzo kujulikana. Kutu ikwanguliwe hadi chuma king'ae, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo maungio yazibwe kwa gundi ya magari. Epuka silikoni inayonuka kama siki, kwa kuwa asidi yake hula bati. Sifongo iliyo chini ya zulia ikaushwe kabisa, maana nyaya na fyuzi zilizo karibu huharibika kimyakimya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa pikapu, anayeziba kabla ya kuujua ufa wenyewe huyafungia maji ndani.