Mpunga, Pamba na Amri: Habari za Kilimo katika Nchi ya Manyema

Watu wanaopita Kasongo na Nyangwe huuliza habari za vita vya zamani, nani alipigana na nani, na ngome zilisimama wapi. Ni wachache wanaouliza habari za mashamba. Walakini jembe, na amri iliyomshika mwenye jembe, ndivyo vilivyogeuza maisha ya Waislamu wa Manyema na jirani zao kuliko bunduki zote zilizolia hapa. Kwa hiyo inafaa habari hizo ziandikwe katika kijitabu hiki, ili vijana wajue kwamba maneno ya kuendeleza vijiji, wanayoyasikia leo, si mapya.

Kabla ya mgeni yeyote kufika, wenyeji wa nchi hii walikuwa na utaratibu wao. Wagenya walikaa mtoni wakivua samaki, na watu wa bara walilima ndizi, mahindi na mihogo, wakihama shamba baada ya miaka michache ili ardhi ipumzike. Siku za soko wanawake walikutana ukingoni mwa Lualaba, hawa wakileta samaki na vyungu, wale wakileta unga na mafuta ya mawese. Waungwana, yaani watu wa pwani na wafuasi wao, walipojenga miji yao katika miaka ya 1860 na 1870, walikuta soko la Nyangwe limekwisha kuwa soko.

Waungwana hao walileta dini, lugha ambayo baadaye iliitwa Kingwana, na mpunga. Mabonde yakalimwa, na majeshi ya Wazungu yalipoingia Kasongo mwezi wa Aprili 1893 yalistaajabu kwa wingi wa mashamba na bustani. Hayo ni ya kujivunia. Lakini haifai kuficha kwamba mengi ya mashamba hayo yalilimwa kwa mikono ya watumwa, na kwamba tarehe 15 Julai 1871, katika soko lile lile la Nyangwe, watu wa misafara ya pwani waliwapiga risasi wachuuzi, wengi wao wanawake, mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. David Livingstone alikuwapo akiona. Kitabu cha ukumbusho kikinyamaza juu ya hayo, hakitakuwa na haki ya kulalamika kwa yaliyofuata.

Baada ya vita vya 1892 hadi 1894 nchi ilishikwa na dola ya Mfalme Leopold, na mwaka 1908 ikawa koloni la Ubelgiji. Watu waliendelea kuiita serikali Bulamatari, mvunja mawe. Mwaka 1910 reli ilitoka Kindu ikafika Kongolo, na baada yake zikaja barabara. Vijiji vilivyokuwa mbali viliamriwa kuhamia kando ya njia, mtu awe karibu na mtoza kodi, na mganga, na karani wa kuhesabu vichwa. Mganga alikuwa na faida, hapana shaka, hasa kwa ugonjwa wa malale. Lakini mzee aliyehamishwa aliacha nyuma makaburi ya wazazi, michikichi aliyoipanda babu yake, na ardhi aliyoijua tabia yake. Kando ya barabara alipewa mahali ambapo barabara ilipita, si mahali palipokuwa na rutuba.

Ndipo ikaja pamba. Majaribio ya kwanza yalifanywa pande za Nyangwe wakati wa vita kuu ya kwanza, na tarehe 20 Februari 1917 ikatolewa sheria iliyompa mtawala uwezo wa kumlazimisha kila mwanamume wa kijijini kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, siku 60 kwa mwaka. Aliyekuwa akiongoza idara ya kilimo ni Edmond Leplae, mtu aliyeamini kwamba mwafrika hatalima kwa wingi asipolazimishwa, na kwamba akiisha kuzoea atashukuru. Mwaka 1921 serikali ikagawa nchi ya pamba kwa makampuni ya kuchambua. Kila kampuni ilipewa eneo lake, na mkulima aliyekaa humo hakuruhusiwa kumwuzia mwingine. Bei iliwekwa na serikali. Mbegu zilitolewa bure, na hilo lilitangazwa sana kuwa ni hisani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shamba lilipimwa kwa kamba mbele ya kapita. Mtu alifyeka, akachoma, akapanda kwa mstari, akapalilia, akachuma, akachagua nyeupe mbali na yenye madoa, kisha akabeba mzigo kichwani mwendo wa siku moja au zaidi mpaka penye mzani. Asiyelima alifungwa au kutozwa faini, na fimbo haikukosa kazi. Penye mzani palikuwa na taabu nyingine, maana msomaji wa mzani alikuwa mmoja na mwenye pamba hakujua kusoma tarakimu za Kizungu. Malalamiko ya kupunjwa yalisikika kotekote katika Kongo. Waislamu waliokuwa wamesoma Suratul Mutaffifin chuoni walijua jambo hilo linaitwaje. Husimuliwa pia kwamba wako waliozichemsha mbegu kabla ya kuzipanda, ili waseme kwa mtawala, ardhi hii imekataa pamba.

Siku 60 zile ziliandikwa kwa jina la mwanamume. Katika shamba aliyeinama zaidi alikuwa mkewe. Naye alikuwa bado ana mpunga wa kupepeta, maji ya kuteka na watoto wa kulisha. Pamba iliposhika siku njema za mvua, chakula kilirudishwa nyuma, na mihogo ikaenea mahali pa mazao mengine kwa sababu haidai palizi nyingi na humngoja mwenyewe ardhini. Hivyo sahani ya mwanakijiji ilibadilika bila mtu yeyote kuamuru ibadilike. Na fedha za pamba zilipolipwa, kodi ilikuwa inangoja, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyomfanya mtu aitafute fedha hapo mwanzo.

Mwaka 1933 sheria iliandikwa upya, na kilimo cha lazima kikawekwa katika fungu la kazi za mafunzo. Neno hilo lastahili kutazamwa. Mafunzo ya kweli yalikuwa katika shule, na kuanzia miaka ya 1920 fedha za serikali za shule zilikwenda kwa misioni za Kikatoliki. Waprotestanti walianza kupewa baada ya vita, mwaka 1948. Waislamu hawakupewa kitu, na vyuo vyao vya Kurani vilitazamwa kwa jicho la shaka. Basi kijana wa Kiislamu ambaye wazazi wake hawakutaka abatizwe alikuwa na njia nyembamba mno ya kufikia ukarani au ualimu wa kilimo. Alikaa upande wa kuamrishwa. Wala kalenda ya pamba haikuuliza kama mwezi ni Ramadhani.

Mpunga nao haukusalimika. Migodi ya bati ilipofunguliwa Kalima na mahali pengine katika miaka ya 1930, maelfu ya wafanya kazi walihitaji kulishwa, na mpunga wa waungwana ukawa zao la amri kama pamba. Vita vya pili vikazidisha. Wajapani walipoitwaa Malaya mwaka 1942, Wazungu walikosa bati na mpira wa huko, na Kongo ikaambiwa ijaze pengo. Siku za lazima zikaongezwa mpaka 120. Watu walirudishwa msituni kugema mpira, kazi ambayo wazee waliikumbuka kwa hofu tangu siku za Leopold. Mwaka 1944 Wakumu wa pande za Masisi na Lubutu waliasi chini ya Bushiri, na uasi huo ukazimwa kwa nguvu.

Yafaa isemwe kwa haki kwamba baada ya vita wakubwa wengine waliona makosa. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, alipokuwa akiaga mwaka 1946, alikiri kwamba umati wa wananchi hauna makazi mema, chakula cha kutosha wala elimu. Mwaka 1947 ukaundwa mfuko wa ustawi wa wenyeji, sehemu kubwa ya fedha zake ikiwa ni marejesho ya gharama za vita zilizobebwa na Kongo. Kwa maneno mengine, zilikuwa ni fedha za watu wenyewe zikirudi. Mfuko huo ulijenga zahanati, nyumba za kuzalishia na visima. Mama aliyechota maji safi karibu na nyumba yake hakuuliza siasa, naye hakukosea.

Na katika mpango wa miaka kumi ulioanza 1949 uliingia mpango wa peizana, yaani kuwaweka wakulima katika vipande vilivyopimwa. Wataalamu wa Yangambi waliujaribu kwa Waturumbu mwaka 1942. Msitu uligawanywa kwa vichochoro vya upana wa mita 100, kimoja kikalimwa na jirani yake kikaachwa na miti, kisha miaka ikipita vikabadilishana. Ni jambo la kuchekesha kidogo, kwani hekima ya kuipumzisha ardhi wataalamu waliikuta kwa wenyeji, wakainyosha kwa rula. Ulipofika mwisho wa utawala wa Wabelgiji, jamaa zipatazo 200,000 katika Kongo nzima zilikuwa zimeingizwa. Udongo ulitunzwa vizuri zaidi, na mazao katika mahali pengi yaliongezeka.

Lakini swali la milki halikujibiwa. Kipande hakikuwa mali ya mkulima kwa hati, wala hakikuwa tena ardhi ya ukoo kama zamani. Muislamu akifa, kadhi au mwalimu aliyeitwa kugawa mirathi aliweza kugawa mbuzi, vyombo na mavuno yaliyosimama. Ardhi yenyewe hakuwa na la kusema. Wala zao la kupanda halikuwa hiari, maana pamba ilibaki katika zamu ya kipande kwa amri ile ile.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, watu wa sehemu nyingi waliacha vipande mara moja. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliishika Kindu, maduka na maghala yakaharibiwa, wengi wakauawa. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliunda shirika la taifa la kununua pamba, ikarudisha amri ya kulima, na ikaleta kazi ya Salongo. Tarehe 30 Novemba 1973 maduka ya wageni yalichukuliwa, na mnunuzi wa mpunga akakosekana. Baadaye zikaja vita vya 1996 na 1998, barabara zikamezwa na msitu. Mashirika ya misaada yaliyofuata yalileta mbegu na majembe, mengine kwa mashauri na wanavijiji, mengine kwa karatasi iliyokwisha kuandikwa mbali.

Pamba imetoweka katika mashamba mengi ya Manyema, na wanaoijua kazi yake ni wazee. Mpunga ungali unalimwa na Waislamu na wasio Waislamu, unatwangwa na kufungwa magunia, na vijana huupakia juu ya baiskeli kuupeleka sokoni.