Hiba na Ustahiki: Masharti ya Kugawa Mali katika Msaada wa Matunzo ya Wazee Nchini Marekani, 1965–2006

1.0 Utangulizi

Nchini Marekani, mzee asiyejiweza ambaye akiba yake imekwisha hutegemea Medicaid ili alipiwe gharama za makao ya uuguzi. Mpango huo ulianzishwa pamoja na Medicare kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson tarehe 30 Julai 1965. Medicare huwahudumia wazee bila kujali kipato, lakini hailipii matunzo ya muda mrefu. Katika makao ya uuguzi hulipia siku zisizozidi 100 kwa kila kipindi cha ugonjwa, tena kwa masharti. Medicaid hulipia matunzo hayo, ila kwa maskini pekee. Mgawanyo huo ulizua swali lililozikabili familia za kipato cha kati kwa miongo mingi: je, mzee aliyewagawia watoto mali yake ahesabiwe kuwa maskini?

Insha hii inachunguza majibu yaliyotolewa na sheria ya shirikisho kwa swali hilo kuanzia 1965 hadi 2006. Neno hiba linatumika kwa maana ya mali ambayo mtu ameitoa akiwa hai bila malipo, au kwa malipo yaliyo chini ya bei ya soko. Hoja inayotetewa ni kwamba badiliko zito zaidi halikuwa kurefushwa kwa muda wa kuchunguza hiba, bali kuhamishwa kwa siku ambayo adhabu ya hiba huanza kuhesabiwa.

2.0 Kutoka Ruhusa hadi Amri, 1965–1988

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, sheria ya shirikisho haikuweka adhabu ya jumla kwa mwombaji aliyegawa mali. Baadhi ya majimbo yalijiwekea adhabu yenyewe, nayo yakapingwa mahakamani. Katika shauri la Caldwell dhidi ya Blum (1980), mahakama ya rufaa ya shirikisho iliunga mkono zuio dhidi ya jimbo la New York, kwa msingi kwamba sharti lake kuhusu hiba lilipingana na sheria ya shirikisho.

Bunge lilijibu mwishoni mwa mwaka huohuo. Marekebisho yanayojulikana kwa majina ya maseneta David Boren na Russell Long yaliyaruhusu majimbo kuwaadhibu waombaji waliogawa mali ndani ya miezi 24 kabla ya kuomba. Sheria ya 1982 ilipanua ruhusa hiyo na kuyawezesha majimbo kudai fidia kutoka katika nyumba na mirathi ya waliosaidiwa.

Mwaka 1988 ruhusa iligeuka kuwa amri. Kila jimbo lilitakiwa kuchunguza hiba za miezi 30 iliyopita. Sheria hiyohiyo ilimlinda mwenzi anayebaki nyumbani ili asifukarike kwa sababu ya maradhi ya mwenzake. Sehemu kubwa ya sheria hiyo ilifutwa mwaka 1989, lakini vifungu hivyo viwili vilibaki. Kwa hiyo, sheria ilichora mpaka ndani ya familia: mali iliyokwenda kwa mke au mume ilitazamwa kwa huruma, na iliyokwenda kwa watoto ilitazamwa kwa shaka.

3.0 Hiba na Jinai, 1993–1998

Sheria ya bajeti ya 1993 ilirefusha muda wa uchunguzi hadi miezi 36, na miezi 60 kwa baadhi ya mali zilizowekwa chini ya wadhamini. Ukomo wa adhabu wa miezi 30 uliondolewa, na majimbo yakalazimishwa kudai fidia kutoka katika mirathi.

Mwaka 1996 Bunge lilikwenda mbali zaidi kwa kuifanya hiba iliyotolewa kwa makusudi ya kupata Medicaid kuwa kosa la jinai iwapo ingesababisha adhabu ya kunyimwa msaada. Wapinzani waliikejeli kuwa sheria ya kumfunga bibi. Mwaka 1997 Bunge lilimwondolea mzee kosa hilo na kumtwisha mshauri aliyelipwa ujira kwa kumshauri agawe mali. Mwaka 1998 Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Janet Reno, alitangaza kwamba asingeitekeleza wala kuitetea, na katika shauri lililofunguliwa na chama cha mawakili cha New York mahakama ilizuia utekelezaji wake. Kugawa mali kulikuwa halali, na ilikuwa vigumu kuhalalisha adhabu dhidi ya anayeshauri jambo halali.

4.0 Siku ya Kuanza Kuhesabu, 2006

Badiliko lililofuata lilipita kwa tofauti ndogo mno ya kura. Katika Seneti, Desemba 2005, matokeo yalikuwa 51 kwa 50 baada ya Makamu wa Rais Dick Cheney kupiga kura ya uamuzi. Katika Baraza la Wawakilishi yalikuwa 216 kwa 214. Rais George W. Bush alitia saini tarehe 8 Februari 2006.

Muda wa uchunguzi ulifikishwa miezi 60 kwa hiba zote. Uzito wa sheria hiyo, hata hivyo, unaonekana katika hesabu ya adhabu. Thamani ya hiba hugawanywa kwa wastani wa gharama ya mwezi mmoja katika makao ya uuguzi ya jimbo husika. Chukua mfano wa mama aliyempa mwanawe dola 60,000 katika jimbo ambalo wastani huo ni dola 6,000: adhabu ni miezi 10. Kwa kanuni ya 1993, miezi hiyo ilianza kuhesabiwa karibu na siku ya kutoa. Mama aliyeingia makaoni miaka miwili baadaye alikuwa amekwisha kuimaliza adhabu yake. Kwa kanuni ya 2006, miezi hiyo huanza pale tu anapohitaji matunzo ya kiwango hicho, ameomba msaada, na hana tena mali inayozidi kiwango, ambacho katika majimbo mengi kilikuwa dola 2,000.

Kwa maneno mengine, adhabu ilianza kumfika mzee wakati hana cha kulipia. Mtoto alipaswa kurudisha alichopewa, au makao yabebe gharama, au familia iombe msamaha wa dhiki ambao sheria iliuruhusu. Aidha, ni mwombaji aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hiba yake, iwe ada ya mjukuu au sadaka ya kanisani, haikulenga kupata Medicaid.

Uchunguzi wa Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali uliotolewa mwaka 2007 unatia shaka ukubwa wa tatizo lililokusudiwa kutibiwa. Katika majalada ya majimbo matatu, takriban asilimia 10 ya waombaji waliokubaliwa walikuwa wamegawa mali, na nusu yao walikuwa wametoa kiasi kisichozidi takriban dola 15,000.

5.0 Hitimisho

Mtiririko huu unaonyesha kwamba sheria haikuwahi kuikataza hiba, bali ilibadilisha gharama yake na mtu wa kuibeba. Ilibakiza pia misamaha yenye maana: mtoto aliyeishi na mzazi walau miaka miwili akimtunza, na hivyo kuchelewesha kuingia kwake makaoni, angeweza kupewa nyumba bila adhabu. Kifungu hicho kinakiri kwamba matunzo ya jamaa ni malipo. Kwingineko sheria ilimchukulia mtoto kama mpokeaji wa bure, na baada ya 2006 aliyeadhibiwa kwa hiba hiyo ni mzee aliyekuwa tayari kitandani.