Ngonjera na Mpinzani Tuliyemnyamazisha

Ninapowauliza wanafunzi wangu wa ualimu hapa Kinampanda ngonjera ni nini, wengi hujibu kwamba ni shairi la kumkaribisha mgeni rasmi. Kihistoria jibu hilo si sahihi, lakini siwezi kuwalaumu. Ndivyo walivyoiona tangu darasa la kwanza: watoto wamepangwa mstari, mikono inapanda na kushuka kwa pamoja, na mwishoni linatolewa ombi la madawati.

Ngonjera ilikuwa mabishano. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 Ihumwa, Dodoma, ndiye aliyeipa nafasi yake katika fasihi andishi ya Kiswahili. Alichukua ushairi wa vina na mizani, akaugawa kwa wahusika wenye misimamo inayopingana: mmoja anatetea ujinga, uvivu au tamaa ya mali, na mwenzake anamjibu ubeti kwa ubeti. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi walifikishe kwa wananchi, na chama chao, UKUTA, kikaitika. Mnyampala alifariki mwaka 1969. Ngonjera za UKUTA zikachapishwa katika vitabu viwili, 1970 na 1971, na utanzu huo ukaota mizizi shuleni.

Tusijidanganye kwamba ule ulikuwa mjadala huru. Mshindi alijulikana kabla ya ubeti wa kwanza, na mpinzani alikuwepo ili hatimaye akiri kosa. Hata hivyo, ili ashindwe jukwaani, ilimpasa kwanza aseme. Mtoto aliyepewa nafasi ya bepari au mvivu alilazimika kuzikariri hoja zake na kuzitamka kwa sauti mbele ya wazee na viongozi. (Nawe msomaji unajua kwamba hadhira humpenda zaidi mhusika mkaidi.)

Kuna watawala waliotambua mapema hatari ya sauti ya namna hiyo. Katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, ipo opera ya Kikantoni, mchezo wa jukwaani unaochanganya uimbaji, maigizo na mapigano. Visa vyake husifu uaminifu kwa mtawala na utii wa mtoto kwa mzazi, maadili ambayo mfalme yeyote angeyafurahia. Lakini mwaka 1854 mwigizaji Li Wenmao aliwaongoza wenzake katika uasi dhidi ya utawala wa Qing. Serikali ikaipiga marufuku opera hiyo, ikabomoa jumba la chama cha waigizaji huko Foshan, na kwa zaidi ya miaka 10 waigizaji wakalazimika kujificha katika vikundi vya mitindo mingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanamapinduzi walilitumia jukwaa hilohilo dhidi ya Qing, na lugha yake ikahama kutoka ile rasmi ya kaskazini hadi Kikantoni kinachosemwa mtaani. Mwaka 2009 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa binadamu.

Kwetu hakuna aliyeipiga marufuku ngonjera, wala hapakuwa na haja. Sisi walimu tulimwondoa mpinzani wenyewe, polepole, kwa kalamu nyekundu.

Nasema "sisi" kwa sababu nilishiriki. Miaka mingi iliyopita, mahali pengine, wanafunzi waliniletea ngonjera kuhusu michango ya shule. Upande mmoja alikuwa mwalimu, upande wa pili mzazi mkulima wa alizeti. Mzazi huyo alikuwa na beti nzuri kuliko mwalimu. Aliuliza risiti ya mchango wa mwaka uliopita iko wapi. Nilizifuta beti tatu, kisha nikashauri wote waseme kwa pamoja, kwa kuwa mgeni alikuwa na haraka. Hakuna aliyeniagiza. Msichana aliyeigiza mzazi alihamishiwa mstari wa nyuma, naye siku ya sherehe aliinua mikono pamoja na wenzake. Mgeni alipiga makofi, akaahidi mifuko ya saruji.

Muhula huu nimerudia mada ileile. Wanafunzi wataandika ngonjera ya mwalimu na mzazi kuhusu michango, na sharti nililowapa ni moja tu: mzazi asikubali kushindwa katika ubeti wa mwisho. Wawili wamekwisha kuniuliza kama nina uhakika.