Upupu na Njia ya Misafara: Hoja juu ya Mtambazi wa Unyamwezi

Aghalabu wanaoandika juu ya mimea iliyofuatana na njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji, huanza na mwembe, ambao kivuli chake kingali shahidi wa mikono iliyoupanda. Walakini upo mmea mwingine, usio na kivuli wala tunda la kutamanika, ambao kwa rai yangu unastahili zaidi kuitwa mmea wa njia, nao ni upupu.

Wanailimu wameuweka katika jamii ya kunde, kwa jina la Mucuna pruriens, ambalo neno lake la pili ni la Kilatini, maana yake “wenye kuwasha”. Haukujaaliwa kigogo cha kuusimamisha wala kono za kushikia kama za mung'unye. Shina lake jembamba ndilo lenyewe linalojizonga kichakani, likichukua majani yenye vipande vitatu vitatu, na mvua za masika zikiisha, maua yake ya zambarau iliyokoza huwa yamekwisha geuka maganda yaliyopinda mfano wa herufi S, yaliyovikwa malaika ya rangi ya dhahabu.

Malaika hayo ndiyo yaliyouharibia sifa. Hudhaniwa kuwa hudhuru kwa ukali wa ncha zake tu, na ni kweli kwamba hupenya ngozi. Ila kinachowasha hasa ni kimeng'enya kiitwacho mukunaini, na dalili yake ni kwamba malaika yaliyopashwa moto hupoteza mwasho ijapokuwa ncha zingalipo.

Wenye kuuita gugu la porini hawanikinaishi. Upupu huhitaji mwanga, na huhitaji kitu cha kuparamia, na mahali panapokutanisha mambo hayo mawili ni ukingoni: ukingo wa mto, wa shamba lililoachwa, wa njia. Basi msafara wa mamia ya wapagazi, uliokata matawi ya kujengea vibanda na miiba ya kuzungushia kambi, kisha ukaondoka alfajiri, uliacha nini nyuma yake kama si ukingo mpya? Hata mvumbuzi James Grant, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo katika Unyamwezi, pamoja na mvumbuzi mwenziwe Speke mwaka 1861, na ambaye mimea aliyoikusanya ilichapishwa baadaye na jumuiya ya Linnaeus huko London, alichuma pale miguu ya msafara ilipomfikisha. Kwa hiyo ilimu yetu ya kwanza ya mimea ya nchi hii ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ilimu ya kandokando ya njia.

Fauka ya hayo, ziko aina za upupu zilizolelewa mashambani, zenye maganda yasiyowasha, ambazo wakulima huzipanda zirutubishe udongo. Na katika mbegu za jinsi hii wanakemia wa Uhindi walitenga, mwaka 1937, dopa, ambayo baadaye ilikuja kuwa dawa ya maradhi ya Parkinson. Mwasho, basi, si tabia isiyotengana na mmea, bali ni silaha iliyobaki kwa ule ambao hakuna mkono uliouchagua.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, wapagazi walipungua na kambi zao zikamezwa na miti. Lakini waliojenga tuta la reli nao walifyeka pori kulia na kushoto, wakaacha kingo mbili zilizonyooka hata upeo wa macho.