Vita Viliisha, Risasi Ikabaki

 

Wiki hii historia yetu ya nyumbani inaanzia kwenye swali. Mama mmoja ameniandikia: "Nesi, mume wangu amestaafu jeshi. Amenunua Landrover ya jeshi, mkweche mtupu. Kila Jumamosi wanaume wanne wako uani kwangu wanaichokonoa mpaka giza linaingia. Hela zinaenda, na wanangu wanacheza humo humo. Huu si ugonjwa jamani?"

Mwenzangu, nimecheka, halafu nikaacha kucheka nilipofika hapo kwa watoto. Ngoja nikujibu taratibu.

Kwanza ujue mumeo hayuko peke yake. Ulaya na Marekani watu wa namna hiyo wapo kwa maelfu. Mimi kama nesi, gari lao ninalolipenda ni ambulansi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Austin pale Birmingham, Uingereza, kilitengeneza ambulansi za kijeshi aina ya K2, zaidi ya 13,000. Askari waliibandika jina la Katy. Ilibeba majeruhi wanne wa machela au kumi wa kukaa. Dereva hakuwa na milango ya bati, alikingwa na turubai tu, lakini nyuma yake palikuwa na mlango mdogo wa kuingilia kwa majeruhi bila kushuka garini. Ambaye amewahi kusindikiza mgonjwa wa rufaa usiku anajua thamani ya mlango huo.

Na waliokuwa wakiziendesha na kuzitengeneza si wanaume peke yao. Mwaka 1945 Elizabeth, binti wa mfalme, aliyekuja kuwa malkia, aliingia jeshi la wanawake akiwa na miaka 18. Akafundishwa udereva na ufundi, akashika spana kama wenzake. Kwa hiyo mama, ukiambiwa gereji si mahali pa mwanamke, jibu unalo.

Vita vilipoisha, jeshi likabaki na magari mengi kuliko kazi. Jeep peke yake zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 600,000. Mengine yakauzwa kwa wakulima na mafundi, mengine yakakatwa chuma chakavu. Yaliyopona yakaachwa mabandani yanaliwa na kutu. Miaka ikapita, ndipo watu wakaanza kuyafufua.

Sasa kazi hiyo mtu haiwezi peke yake. Spea dukani hakuna, na kiwanda kilishaacha kutengeneza. Mmoja ana kitabu cha maelekezo, mwingine ana mashine ya kukereza chuma, mwingine ana gia boksi imelala stoo miaka ishirini. Ndiyo maana wakaanzisha vyama: Uingereza mwaka 1968, Marekani mwaka 1976. Wanaalikana, wanaazimana vifaa, wanabishana kuhusu rangi. Wapo wanaotafuta mpaka bolti. Jeep zilizotengenezwa na Ford, bolti zake zilipigwa chapa ya herufi F, na mwenye gari la Ford hataki kuona bolti ya mwingine. Huo ndio ugonjwa wenyewe!

Hata hiyo Landrover ya uani kwako ni mjukuu wa Jeep. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya jeshi shambani kwake Wales. Alipoona inafaa kila kazi, gari la kwanza la majaribio likajengwa juu ya chesisi ya Jeep, na mwaka 1948 Landrover ikaonyeshwa Amsterdam. Bodi ikawa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Huku kwetu ikabeba wanajeshi, maaskari wa wanyamapori, chanjo, na wajawazito. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Landrover, zikajipanga mamia kwa mamia, na wenye nazo walikuwa wanasalimiana kama ndugu waliopoteana.

Hapo ndipo naomba unisikilize mama. Mtu aliyeishi jeshini ameishi na wenzake usiku na mchana. Akistaafu, siku moja tu wote hawapo. Kliniki yetu inajaa akina mama; mwanaume haji kusema "nesi, silali". Lakini akiinama chini ya boneti na mwenzake, mikono ina grisi na macho yako kwenye injini, maneno yanatoka. Hao watatu wa Jumamosi huenda ndio dawa yake. Bajeti kaeni mpange, kiasi kijulikane. Ila wale marafiki usiwafukuze.

Sasa upande wa pili, na hapa sina utani.

Magari hayo ya zamani yana mambo matatu ambayo hayakustaafu. La kwanza ni risasi. Sisemi ya bunduki, nasema madini ya risasi, yaliyokuwa kwenye rangi nyingi za zamani. Fundi akipiga msasa rangi kavu, vumbi linaruka na kukaa kwenye nguo, nywele na viatu. Anaingia ndani, mtoto anamkimbilia, anambeba. Mwili wa mtoto mdogo unafyonza risasi kuliko wa mtu mzima, na ubongo ndio unaoumia: kujifunza, kutulia, tabia. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

La pili ni asbesto, iliyotumika kwenye breki na klachi. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu, ugonjwa unaweza kujitokeza miaka ishirini, thelathini baadaye. Na wapo wanawake waliougua bila kukanyaga kiwandani hata siku moja. Walikuwa wanafua tu nguo za waume zao.

La tatu ni radiamu. Baadhi ya magari ya jeshi ya enzi za vita yalikuwa na mita za dashibodi zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani, yenye mionzi. Kwa rangi ya namna hiyo wasichana wa kiwanda kimoja cha New Jersey walipaka nyuso za saa, wakiichonga brashi kwa midomo yao kama walivyofundishwa. Mifupa ya taya ikaoza, wengine wakafa. Waliobaki wakashtaki, na mwaka 1928 wakalipwa fidia. Mng'ao wa rangi hiyo hufa baada ya miaka, lakini radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu.

Kwa hiyo mama, fanya hivi:

Watoto wasicheze kwenye gari hilo wala karibu yake mpaka kazi iishe na uwanja usafishwe.

Rangi ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, fundi akiwa amevaa barakoa ya vumbi. Kitambaa hakitoshi.

Breki zisipulizwe kwa kompresa wala kufagiliwa kavu. Zifutwe kwa kitambaa chenye maji, kisha kifungwe kwenye mfuko na kutupwa.

Ovaroli ivuliwe nje, ifuliwe peke yake. Baba aoge kabla ya kumbeba mtoto.

Mita za zamani zisifunguliwe. Na kama watoto wameshacheza humo, nenda hospitali umweleze daktari, umuulize kuhusu kipimo cha risasi kwenye damu.

Mwonyeshe mumeo andiko hili, na wale wenzake watatu pia. Jeshini walifundishwa kulindana, na hili halijatoka kwenye zamu yao. Siku Landrover ikiwaka, ukaketi mbele na watoto nyuma, nitumie picha.

Usiku mwema. Mwenye swali aliache hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.