Mtoto, Mashine na Anayeketi Kando

Mwezi uliopita dada yangu mdogo alinipigia simu akiomba nimchangie fedha za kununua kishikwambi. Mwanawe, mwenye umri wa miaka minane, ana usonji. Kuna mtu alimweleza kuwa zipo programu za kielimu zinazomfundisha mtoto wa namna hiyo stadi za kijamii: kusalimia, kusubiri zamu yake, kutofautisha uso wenye furaha na uso wenye huzuni. "Kaka," aliniambia, "wewe ndiye msomi wetu. Niambie kama zinafanya kazi kweli, maana fedha ninayotaka kuitumia nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya ada."

Sikuwa na jibu, na kwa mwenye shahada ya uzamivu kukiri hivyo mbele ya mdogo wake si jambo jepesi. Mimi si tabibu wala mtaalamu wa elimu maalumu. Ila nimejizoeza, kila ninapokosa jibu, kurudi nyuma na kuuliza swali lenyewe lilianzia wapi. Makala haya ni matunda ya safari hiyo, na nayaweka hapa kwa kuwa naamini dada yangu si mzazi pekee anayeuliza.

Neno la kitaalamu tunalolitafsiri kuwa usonji lilitungwa na tabibu wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwanzoni mwa karne ya 20, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nafsi. Mwaka 1925, huko Moscow, tabibu Grunya Sukhareva aliandika juu ya wavulana sita ambao leo tungewatambua kuwa na usonji, lakini kazi yake haikusomwa na wengi. Sifa zikamwendea Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliyechapisha maelezo ya watoto 11 mwaka 1943, na baadaye Hans Asperger wa Vienna, aliyechapisha yake mwaka 1944. Tangu mwanzo, jambo lililowashangaza matabibu hao halikuwa udhaifu wa akili. Lilikuwa uhusiano wa mtoto na watu wengine, kana kwamba watu waliomzunguka hawakumvuta kama vitu vilivyomvuta.

Jambo hilo likazaa swali la pili: kosa ni la nani? Kanner alikuwa amegusia ubaridi wa wazazi aliowaona, na wengine wakaichukua kauli hiyo wakaifanya hukumu. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyekuwa akiongoza shule ya watoto huko Chicago, alichapisha kitabu kilichomtwika mzazi, na hasa mama, lawama ya kumfanya mtoto ajifungie ndani ya nafsi yake. Tusiwacheke Wamarekani. Nasi tunao msemo wetu kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na nimeshuhudia dada yangu akitupiwa msemo huo ndani ya daladala, mtoto alipoziba masikio na kupiga kelele kwa sababu ya honi. Aliyeupinga mtazamo wa Bettelheim kwa hoja za kisayansi, hata kabla ya kitabu hicho kutoka, alikuwa mzazi mwenyewe: Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji. Kitabu chake cha mwaka 1964 kilionyesha kwamba hali hii chanzo chake ni mwili na ubongo, wala si ukosefu wa mapenzi ya mama.

Hapa ndipo mashine inapoingia katika simulizi. Mwaka 1953 B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Harvard, alitembelea darasa la hisabati la binti yake, akaona jinsi watoto wanavyosubiri mno kabla ya kujua kama wamepata au wamekosa. Mwaka uliofuata alikuwa tayari na mashine ya kufundishia: swali moja dogo, jibu moja, na papo hapo mtoto anajulishwa matokeo, kisha anasonga hatua nyingine ndogo. Yeyote aliyewahi kumtazama mtoto akigusa picha sahihi kwenye kioo na nyota zikamiminika kwa shangwe, ameiona mashine ya Skinner ikiwa imevaa nguo mpya.

Fikra hiyo ya hatua ndogo na tuzo ndiyo iliyomwongoza Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipoanza kuwafundisha watoto wenye usonji katika miaka ya 1960. Mwaka 1987 alitangaza kwamba, kati ya watoto 19 waliofundishwa kwa takriban saa 40 kwa wiki, 9 walifikia kiwango alichokiita cha kawaida. Habari hiyo iliwapa wazazi matumaini makubwa. Lakini historia haina budi kuandika na upande wa pili: katika miaka ya mwanzo ya kazi hiyo tuzo ziliandamana na adhabu, makofi na hata mshtuko wa umeme, ili mtoto aache tabia zilizoonekana kuwa si za kawaida. Stadi za kijamii zilifundishwa kwa njia ambayo jamii yoyote yenye haya ingeona aibu kuisimulia.

Wakati huohuo wapo waliojaribu njia nyingine. Kenneth Colby wa Stanford, aliyekuwa tabibu wa magonjwa ya akili, aliwaweka watoto wasiosema mbele ya kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto akibonyeza kitufe, herufi au picha inatokea na sauti inasikika. Hakuna anayemkaripia wala kumharakisha, na mashine haichoki kurudia. Colby aliona kuwa mchezo huo unaweza kumfungulia mtoto mlango wa lugha.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Edinburgh. Mwaka 1976 Sylvia Weir na Ricky Emanuel walieleza habari za mvulana wa miaka saba mwenye usonji, waliyempa fursa ya kuongoza roboti ndogo iendayo sakafuni, iliyopewa jina la kobe. Mvulana alibonyeza vitufe na kobe akatii: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Roboti ile haikumfundisha namna ya kusalimia wala kumtazama mtu. Hata hivyo watafiti waliona kwamba mtoto alianza kuwasiliana zaidi na watu wazima waliokuwa chumbani, kwa sababu sasa alikuwa na jambo la kuwaambia. Kobe alikuwa kati yao. Mazungumzo yalifanyika juu ya mgongo wake, kama wazee wanavyozungumza juu ya bao huku macho yao yakiwa kwenye kete.

Msomaji atanisamehe nikisema kuwa somo hilo la Edinburgh lilisahaulika upesi. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walichapisha utafiti uliopata umaarufu mkubwa, wakidai kwamba watoto wengi wenye usonji hupata shida kutambua kuwa mtu mwingine anaweza kuamini jambo wasiloliamini wao. Kuanzia hapo juhudi nyingi zilielekezwa katika kumfundisha mtoto kusoma nyuso na fikra. Mwaka 2004 ilitoka programu ya kompyuta yenye maktaba ya hisia 412, zikiigizwa kwa nyuso na sauti. Baadaye zikatengenezwa katuni za The Transporters, zenye vyombo vya usafiri vilivyobandikwa nyuso za binadamu, kwa hoja kwamba mtoto mwenye usonji hupenda vitu vinavyokwenda kwa utaratibu unaotabirika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa watoto walioangalia katuni hizo kwa wiki nne waliendelea vizuri katika kutambua hisia. Ni matokeo mema, nami siyabezi. Ila tukumbuke kuwa walichopimwa kilikuwa kuoanisha hali na picha za nyuso. Uso wa picha husubiri mpaka utazamwe. Wa binadamu haukutulii hata kidogo.

Mwaka 2010 iPad ya kwanza ikaingia sokoni, na programu za watoto wenye usonji zikaongezeka kama uyoga baada ya mvua. Kwa mtoto asiyesema, kifaa kinachogeuza picha kuwa sauti ni msaada wa kweli, nami sina ubishi na hilo. Lakini je, stadi za kijamii? Edinburgh ikarudi tena katika simulizi. Sue Fletcher-Watson na wenzake walitengeneza mchezo wa iPad uliomzoeza mtoto kumtambua mtu kwenye kioo na kufuata anakotazama au anakoonyesha. Walishirikisha watoto 54 wenye umri chini ya miaka sita, kundi moja likipewa mchezo na jingine likikaa bila mchezo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Wazazi waliufurahia mchezo. Lakini watoto walipotazamwa wakicheza na wazazi wao, haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Kilichofunzwa ndani ya kioo hakikutoka nje.

Linganisha na jaribio la Stanford lililochapishwa mwaka 2019. Watoto 71 wa miaka 6 hadi 12 walihusika, na kundi mojawapo lilipewa miwani yenye kompyuta ndogo inayotambua hisia za uso na kumnong'oneza mtoto maana yake. Waliopewa miwani walipata nafuu katika kipimo cha mahusiano ya kijamii. Tofauti moja ni muhimu: miwani ile haikumwondoa mtoto kwa watu. Aliivaa nyumbani akiwa na familia yake, akitazama uso halisi wa mama, baba au ndugu. Sidai kwamba majaribio mawili yanatosha kutoa hukumu, lakini yanaelekea upande uleule alikoelekea kobe wa mwaka 1976: mashine husaidia pale inapomfanya mtu aketi karibu na mtoto, wala si pale inapompa mtu huyo ruhusa ya kuondoka.

Limebaki swali ambalo watengenezaji wa programu hawaliulizi mara nyingi: stadi za kijamii za jamii ipi? Programu nyingi humpa mtoto tuzo anapokaza macho yake kwenye macho ya anayesema naye. Katika nyumba niliyolelewa, mtoto aliyemkazia macho mzee wakati anaamkia angeambiwa hana adabu. Shikamoo huendana na kuinamisha kichwa kidogo. Mpwa wangu, asiyependa kutazamwa machoni, kwa hili moja yuko karibu zaidi na desturi zetu kuliko programu anayotakiwa kuifuata. Na hata huko zilikotoka mjadala umebadilika. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kuna pande mbili: mwenye usonji hatuelewi, nasi hatumwelewi, ila ni yeye tu anayepelekwa darasani. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walionyesha kuwa watu wazima wenye usonji walipopashana habari wao kwa wao, waliifikisha sawasawa na wasio na usonji. Habari ilipotea zaidi pale makundi hayo mawili yalipochanganywa.

Barani kwetu suala hili lina historia yake. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha taarifa ya ziara yake katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, akiwatafuta watoto wenye usonji, na akawapata wachache mno. Wapo waliodhani kwamba usonji ni jambo la Wazungu. Lakini Lotter aliwatafuta katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili, na mtoto aliyefichwa nyumbani hawezi kuhesabiwa katika taasisi. Hofu yangu ni kwamba kishikwambi kinaweza kuwa chumba kipya cha kumfichia: ametulia, hapigi kelele, wageni hawamwoni. Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu nchini kwetu viligawiwa kwa walimu, nami niliunga mkono. Ila kifaa hakipunguzi idadi ya wanafunzi darasani, wala hakizalishi mwalimu wa elimu maalumu. Serikali ikiniuliza inunue nini kwanza, nitasema mwalimu, kisha msaidizi wake, kisha kifaa watakachokitumia pamoja na mtoto.

Dada yangu nilimtumia mchango wake na kumwomba asiiguse fedha ya ada. Niliweka sharti moja tu: mtoto asiachwe na kishikwambi peke yake. Alicheka, akaniuliza ni nani mwenye nafasi ya kukaa naye, naye anarudi kutoka kazini saa moja usiku. Swali hilo lilinyamazisha usomi wangu wote, na nadhani ndilo swali lenyewe. Tukakubaliana kwamba mama yetu, anayeishi naye, ashike zamu ya jioni.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kuwasalimia. Niliwakuta mkekani, bibi na mjukuu, kishikwambi kikiwa katikati yao. Mama yangu hajui kutumia kifaa hicho na hakujifanya anajua. "Nibonyeze wapi, mume wangu?" alimuuliza, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu. Mtoto hakumtazama. Akakishika kidole cha bibi yake, akakiweka juu ya picha ya treni, akasubiri.